Mistari Minne ya Selam

Corvallis, Montana
6 Agosti 2013

Baba mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta umeketi dirishani, si kitandani. Sisi hatujambo. Moshi wa misitu inayoungua umejaa bondeni tangu Julai, na nguo nikizianika nje zinarudi na harufu ya jiko. Dirk amemaliza kukata nyasi za ng'ombe awamu ya pili na mgongo unamsumbua, lakini ukimuuliza atakwambia hana kitu. Mapacha wameng'oka meno ya mbele wote wawili, kwa hiyo sala ya chakula siku hizi ni Mungu peke yake anayeielewa. Tirzah amenipita urefu. Selam hajambo. Nikimtafuta namkuta nyuma ya banda la kuku, ana kitabu. Ningekupigia simu, ila nikipiga unanifokea mimi kana kwamba kiziwi ni mimi.

Sasa nina ombi. Kundi letu la familia zinazofundisha watoto nyumbani litafanya Siku ya Mashujaa tarehe 31 Oktoba kama kawaida, wakati watoto wa wengine wanazunguka mitaani wamevaa kama mashetani. Unakumbuka utaratibu: kila nyumba inachagua kitabu kimoja cha historia au cha safari na hatari, chenye imani ndani yake, na watoto wanavaa kama watu wa kitabu hicho na kusimulia jukwaani bila kusoma. Mwaka huu nimechagua *Binti wa Mmisionari Mlimani*. Kinahusu Uhabeshi, na nilitaka kitu cha kwao Selam. Ni kitabu cha mwaka 1911, kwa hiyo hakina uchafu wa siku hizi.

Tirzah atakuwa Constance, binti wa mmisionari. Selam atakuwa Bimbi, msichana anayeokolewa. Tirzah ana maneno mengi, Selam ana mistari minne tu, kwa sababu ni mwoga wa watu: "Nilikuwa gizani. Sikumjua Mungu. Wewe umenileta kwenye nuru. Asante, Bibi mdogo." Halafu anapiga magoti.

Nakutumia nakala yetu. Nimekwisha kuipitia kwa kalamu nyeusi, kama ninavyofanya kwa kila kitabu kabla watoto hawajakigusa. Nakuomba uangalie historia yake, kisha umwandikie Tirzah maneno mawili matatu ya kufungulia. Ukipata nguvu, nipangie na vitabu vya msimu wa baridi.

Mwanao,
Annelise


Orange City, Iowa
19 Agosti 2013

Annelise,

Niko dirishani. Mbele yangu kuna maegesho ya magari na mti mmoja uliokatwa vibaya. Nesi Jodi amenipa pipi za mnanaa kwa siri, kwa hiyo kanisani Jumapili nilikuwa na za kumpitishia jirani yangu wakati wa mahubiri, naye alilala nayo mdomoni hadi nikaogopa atakabwa. Moyo wangu unafanya kazi unapojisikia. Miguu imevimba. Nyumba hii ya wazee inapika supu ya njegere ambayo mama yako angewapa nguruwe, na nguruwe wangelalamika. Wasalimie Dirk na watoto.

Nimekisoma kitabu chako.

Ukurasa wa 14 baharia ananywa bia. Umemfuta. Ukurasa wa 22 anasema neno ambalo hata mchungaji wetu husema akijigonga kidole kwa nyundo. Umelifuta, tena mara mbili, wino umetokeza upande wa pili. Ukurasa wa 31 Constance anavua soksi kuvuka kijito, na wewe umemvisha wino hadi magotini. Kazi safi. Halafu nikafika ukurasa wa 40, ambapo watu wa mlimani "wanaparamia miamba kama nyani na kubusu mawe kwa ujinga wao." Hapo hakuna wino. Ukurasa wa 43: "vichwa visivyoweza kubeba wazo." Karatasi ni nyeupe kama siku ilipotoka kiwandani. Ukurasa wa 58, wa 61, wa 77. Annelise, umewakinga watoto wako na soksi!

Na maneno haya unayasoma kwa sauti mezani baada ya kifungua kinywa, Selam akiwa ameketi hapo na uji wake?

Umeniomba niangalie historia. Haya. Wahabeshi walikuwa na mfalme Mkristo karne ya nne. Sisi kina Terpstra ni Wafrisia, watu wa pwani ya Uholanzi. Mwaka 754 askofu Bonifasi alipokuja kutuhubiria, babu zetu walimkata kwa panga, na inasemwa aliinua kitabu juu ya kichwa ajikinge nacho. Wakati huo wa kwao Selam walikuwa wameimba zaburi kwa miaka mia nne. Kama kuna mtoto anayestahili kupiga magoti na kusema alikuwa gizani, mpangie Tirzah. Na hilo jina Bimbi halimo katika lugha yoyote ya huko. Mwandishi amelitoa puani.

Simwandikii Tirzah chochote. Mtoe Selam kwenye mchezo huo, na kitabu kitie jikoni kiwashie moto.

Baba yako


Corvallis
14 Septemba 2013

Baba,

Natumaini miguu imepungua kuvimba. Hapa tumepata mvua na moshi umetulia. Dirk amekwenda kwa daktari wa mgongo. Mapacha hawajambo. Tirzah anauliza mbona Babu hakumwandikia. Selam amekuwa mkimya kidogo na chakula hakimalizi. Ni umri, nadhani. Mimi nilikuwa hivyohivyo nikiwa na miaka kumi na mmoja.

Nimekaa na barua yako wiki tatu, kwa sababu majibu niliyokuwa nayo mwanzoni hayakufaa kuandikwa na mtu aliyebatizwa.

Unajua kazi hii? Watoto wanne, vitabu karibu sitini kwa mwaka, na hakuna hata kimoja kinachofika mezani kabla sijakisoma mimi. Nasoma nikikoroga sufuria. Nasoma kwenye gari nikisubiri maziwa yapakiwe. Wewe ulikuwa na chuo, maktaba, na mke wa kukuletea kahawa. Nilipokwambia sitawapeleka watoto katika shule ya Kikristo kama ile uliyofundisha wewe mwanzo, ulisema, "Haya, wafuge nyumbani kama sungura." Hukunisaidia hata siku moja kuchagua. Leo nakuomba mara ya kwanza, unanikaripia kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza.

Nani alinifundisha kwamba kitabu cha zamani kina adabu? Ulikuwa unasema mezani, mbele ya wageni, kwamba baada ya vita hakuna aliyewaandikia watoto kitu cha maana. Mimi nimefuata. Kila mama katika kundi letu anafuata kanuni hiyo: tunatazama mwaka kwanza, jalada baadaye.

Na unajua nilivyokichagua hiki? Nakala unayo. Fungua mwanzo kabisa, kabla ya sura ya kwanza. Kuna dibaji ya kurasa mbili, ya toleo lililochapwa upya mwaka 1996. "Wazazi wanaweza kukiweka kitabu hiki mikononi mwa watoto bila wasiwasi. Historia yake ni ya kuaminika, na roho yake ni njema." Imetiwa saini na Dk. Harlan Terpstra, Profesa wa Historia ya Kanisa.

Uliposoma na kuhesabu soksi zangu, kurasa hizo uliziruka?

Na usiniandikie habari za Selam kama mtu aliyemlea. Siku tuliyotua naye kutoka Uhabeshi, familia nzima ya Dirk ilikuwa uwanja wa ndege na maputo. Wewe ulikuwa na "kazi ya kusahihisha". Mwezi wa Mei, Baba, mwaka wa saba tangu ustaafu.

Selam hajalalamika. Mistari yake minne ameishika barabara.

Annelise


Orange City
23 Septemba 2013

Annelise,

Mimi bado nipo. Usiku napumulia mpira wa oksijeni, na mchana nauvua Jodi akigeuka. Jirani yangu wa mahubiri alifariki Jumanne. Walileta mwingine Alhamisi, anapenda mpira wa kikapu. Poleni na mgongo wa Dirk.

Dibaji ni yangu. Niliandika bila kukisoma kitabu. Ilikuwa majira ya mitihani, mchapishaji alinisumbua kwa barua, nikamwandikia kurasa mbili ili anyamaze. Ni aibu, lakini ni aibu ya kawaida kwa watu wa vyuo. Kila mmoja ameifanya. Haifuti hata neno moja la niliyokuandikia Agosti.

Ulitaka vitabu. Sijui hata kimoja cha watoto kinachofaa kuhusu Uhabeshi, lakini kisa ninacho, tena ni cha hatari kuliko cha huyo Constance na soksi zake. Wavulana wawili wa Siria wanasafiri na mwalimu wao katika Bahari ya Shamu. Meli inatia nanga kuchukua maji. Watu wa pwani wanaishambulia na kuua wote waliomo, isipokuwa wavulana hao, waliokuwa wameketi chini ya mti wakisoma. Wanapelekwa kwa mfalme. Mmoja anakuwa mnyweshaji wake. Wa pili, Frumentio, anatunza hazina, anamlea mwana wa mfalme, na kupitia yeye nchi nzima inaingia katika imani. Wahabeshi humwita Abba Selama, baba wa amani. Jina la mjukuu wangu limo ndani ya jina lake! Mpe Selam kisa hiki. Avae joho, asimame wima, asipige magoti kwa mtu.

Kwa kuwa najua ulivyo mkaidi, na najua ulirithi kwa nani, nimemwandikia pia yule Bev Hoekwater anayeongoza kundi lenu. Nimemweleza kitabu hicho ni kitu gani.

Baba yako


Corvallis
9 Oktoba 2013

Baba,

Bev aliisoma barua yako kwenye mkutano wa kina mama, kwa sauti, chumba cha chini kanisani, tukiwa tumeshika vikombe. Alipofika "ninyi wanawake mnaoziba macho na kuita ni malezi," mmoja akaweka kikombe chini. Mwingine akaniuliza kwa upole kabisa, "Annelise, baba yako bado ameokoka?" Wengine wakaanza kuniombea nikiwa nimekaa palepale. Nimewajua hawa watu miaka kumi na mbili. Walinipikia chakula nilipojifungua mapacha, siku kumi na nane mfululizo. Wewe hujawahi kuwaona.

Hukunipa hata nafasi ya kubadili mawazo. Ungenipa, huenda ningebadili. Sasa nikimtoa Selam, nitakuwa nimemtoa kwa sababu baba yangu amenichapa mbele ya watu.

Kuna jambo moja sikutaka kukwambia, lakini nimekasirika kiasi cha kutosha, nakwambia. Jana nilimwambia Selam kwamba Babu anaona kitabu hiki hakifai, na kwamba mambo yale ya nyani na mawe si ya kweli. Alinitazama kama ananihurumia. Akasema, "Mama, Babu ndiye daktari wa historia. Mwanzoni ameandika ni ya kuaminika. Nimesoma."

Nikamwambia, "Babu alikuwa na shughuli, aliandika bila kusoma."

Akasema, "Babu hawezi kufanya hivyo. Unasema hivyo ili nisijisikie vibaya." Halafu akauliza kama anaruhusiwa kwenda kuwalisha kuku.

Kwa hiyo ndivyo mambo yalivyo. Mtoto wangu anaamini wewe kuliko mimi, na anachokuamini ni kwamba watu wake walikuwa hivyo. Usituandikie tena hadi Novemba.

Annelise


Orange City
16 Oktoba 2013

Mwanangu,

Umenikataza kuandika hadi Novemba. Daktari alikuja jana, kijana mwenye viatu vya kukimbilia, akanieleza hali ya moyo wangu kwa kutumia mchoro. Nikamuuliza, "Nitaifikia sikukuu ya Shukrani, mwishoni mwa Novemba?" Akaangalia mchoro. Kwa hiyo sina Novemba ya kupoteza kwa adabu. Salamu kwa wote, pamoja na mgongo.

Barua hii nataka umsomee Selam. Yote. Ukiona neno la kufuta, weka kalamu chini uende ukatembee, urudi.

Mwezi uliopita nilikudanganya. Nilisema niliandika dibaji ile bila kusoma. Nilisoma.

Nilikwenda na kitabu Ziwa Okoboji kiangazi kile, mama yako akiwa hai, tulipokodi ile nyumba yenye mlango wa wavu. Nilikisoma kwenye kiti cha turubai kuanzia mwanzo hadi mwisho, na penseli mkononi. Nikakirudia. Niliona kwamba meli ya Constance inaondoka Boston mwezi ambao isingeweza kuondoka, na nikamwandikia mchapishaji arekebishe. Hilo niliona. Niliona koma zilizokosekana. Ukurasa wa 40 nilipita juu yake kama mtu anavyopita juu ya zulia la nyumbani kwake. Nyani, miamba, mawe. Na Bimbi alipopiga magoti nilivua miwani nikafuta macho. Mama yako aliniuliza, "Kuna nini?" nikamwambia, "Kitabu kizuri."

Na nilijua. Uelewe hivyo, Annelise. Februari ile ile nilikuwa nimesimama darasani nikiwaambia vijana wa Iowa habari za wafalme Wakristo wa Aksum, huko Uhabeshi. Sikuwa mjinga. Nilikuwa na ukweli wote kichwani, na kitabu kikasema uongo mbele yangu, na mimi nikalia kwa furaha. Kama nisingekuwa nimesoma, ningekuwa mvivu, na mvivu anasamehewa upesi. Ndiyo maana nilichagua uongo ule. Nilitaka unione mvivu.

Sikuona chochote hadi uliponiletea nakala ile Agosti na barua inayosema Selam atapiga magoti. Hapo ukurasa wa 40 ulinifokea. Hasira yote niliyokumiminia wewe ilikuwa na anwani nyingine, ingawa kiasi fulani nakuachia, maana soksi zile zilinikera kwa haki.

Habari ya uwanja wa ndege sitajitetea. Nilisema nyumbani kwangu, kabla hamjamleta, kwamba mtoto wa aina ile hatakuwa na watu katika kaunti yenu. Nilidhani nasema habari za kaunti.

Selam: Babu alikisoma. Babu ni daktari wa historia, na alikosea, huku akijua. Watu wako hawakuwa gizani. Aliyekuwa gizani alikuwa ameketi kando ya ziwa na penseli. Ukitaka kunikasirikia, una ruhusa yangu, na hata usipokuwa nayo, kasirika.

Babu yako
Harlan Terpstra


Corvallis
3 Novemba 2013

Baba,

Jodi ameniambia kwa simu kwamba umehamishiwa chumba cha karibu na wauguzi, na kwamba umemwita daktari yule mchora katuni. Nikachukulia kuwa bado uko vizuri. Theluji imeanza. Dirk anatembea wima. Mapacha wameota meno na sasa sala zinaeleweka, ni ndefu mno.

Barua yako ilifika tarehe 22. Niliisoma peke yangu banda la ng'ombe, nikaitia mfukoni siku mbili. Sitaki kukwambia nilichofikiria siku hizo mbili. Kisha nikamsomea Selam jikoni, tukimenya matofaa ya kuhifadhi kwenye chupa. Nilisoma yote. Palipoandikwa "mtoto wa aina ile" nilitaka kuparuka, lakini nilisoma.

Hakuacha kumenya. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo alijua?"

"Alijua."

"Na akalia kwa sababu Bimbi amepiga magoti."

"Ndiyo."

Akatupa kisu kwenye beseni, maji yakaniruka usoni. Sijawahi kumwona hivyo, Baba. Miaka mitano mtoto huyu hajawahi kufunga mlango kwa nguvu. Akapiga kelele, "Si mawe! Ni ukuta! Bibi yangu alibusu ukuta wa kanisa! Huwezi kuingia kanisani hujabusu ukuta!" Akaniambia bibi yake alikuwa akimnyanyua ili naye afikie kuubusu, kwamba ukuta ulikuwa baridi asubuhi, kwamba wote walivaa nguo nyeupe na kulikuwa na ngoma kubwa kama ndama. Anakumbuka kila kitu. Mimi nimekuwa nikiwaambia watu alikuja mdogo, amesahau. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema, "Kitabu kilisema ni ujinga. Nilifikiri mkijua mtasema na Bibi alikuwa mjinga."

Nilikuwa nikisoma ukurasa ule mezani, Baba. Kwa sauti. Nikiigiza sauti za watu. Nimemwomba msamaha na hajanipa bado. Anasema anafikiria.

Nikajaribu kuokoa jahazi. Nikamwambia, "Basi utasimulia kile kisa cha Babu, cha Abba Selama. Jina lako limo." Nikakitafuta, nikamsomea. Akasikiliza hadi mwisho, amekunja mikono.

"Huyo naye ametoka wapi?"

"Siria."

"Kwa hiyo ni Constance tena," akasema. "Constance mwenye ndevu. Kwani kila mara lazima aje mtu na meli? Kwetu hakukuwa na mtu? Mwulize Babu. Mwambie aniambie mmoja tu ambaye hakuja na meli."

Swali hilo si langu. Nimekuachia wewe, ndiye unayelipwa pensheni.

Tarehe 31 nilikwenda mapema ukumbini nikamwambia Bev kwamba sisi mwaka huu hatupandi jukwaani. Tirzah alikataa kuwa Constance bila hata kuulizwa, alishona kofia yake ya mchezo mwezi mzima na ameitupa kwa kuku. Bev akasema, "Lakini Annelise, kila familia ina shujaa. Watoto wako watavaa nini?"

"Makoti," nikamwambia. "Nje kuna baridi."

Akasema ataniombea. Nikamwambia aombe akiwa amesoma ukurasa wa 40, na nikamwachia kitabu mkononi, nakala ile uliyonirudishia pamoja na barua yako. Kabla ya hapo nilikwangua saini yako kwenye dibaji kwa wembe, halafu nikajuta, nikaiandika upya kwa kalamu yangu ili ajue ni nani. Nakala nyingine tisa za kitabu hicho ziko katika nyumba za kundi letu. Nitapita nyumba kwa nyumba. Najua nitapoteza marafiki wangapi, na chakula cha siku kumi na nane hakitapikwa tena.

Bado nimekukasirikia. Nadhani nitabaki hivyo kwa muda, hata kama wewe hutakuwepo kuona.

Selam anangoja jibu. Ananiuliza kila siku kama posta imekuja.

Annelise


Orange City
9 Novemba 2013

Annelise,

Jodi ameshika ubao anaandika, mimi nasema, sehemu nyingine naandika mwenyewe, utaona tofauti. Salamu zote. Sina habari, isipokuwa kwamba wanakataa kunifungulia dirisha.

Constance mwenye ndevu! Nimecheka hadi kengele ya mashine ikalia na watu wawili wakaja mbio. Halafu nimekasirika siku nzima, na hasira hii ni nzuri, inanipasha moto kuliko blanketi lao.

Mtoto ana haki. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo. Nimefundisha historia ya kanisa miaka thelathini na nane. Nchi ya kwao niliipa nusu ya kipindi kila Februari, na nusu hiyo yote ilikuwa ya huyo mvulana wa Siria. Nimelala hapa tangu jana nikitafuta mtu mmoja ambaye hakuja na meli. Najua kulikuwa na mtawa, mwanamke, aliyewakatalia mapadri wa Ulaya na mfalme wake mwenyewe, akawakimbia huku na huko na watu wakamfuata. Kuhusu yeye najua mistari mitatu. Wa pili simjui. Walikuwepo maelfu, na mimi simjui wa pili.

Sina kitabu cha kumchagulia Selam. Usimfiche hilo na usilipambe. Mwambie Babu hajui, na kwamba katika mambo yote aliyowahi kuandika kwa ajili ya watoto, hili ndilo linaloaminika.

Mpeleke Missoula kwenye maktaba ya chuo kikuu. Waulize pia Wahabeshi wenyewe. Wana makanisa Denver na Seattle, simu unazo, na wewe si kiziwi. Mpe kiti, mwache atafute, usikae nyuma yake na kalamu. Itachukua muda. Mimi sitakuwepo, jambo ambalo litaharakisha kazi.

Na akikipata kitabu, asikilete kwako kwanza. Akisome yeye, hadi mwisho. Akiona kinafaa, akuchagulie wewe.

Baba